Vitabu Juu ya Kichanja cha Kahawa

Maboksi kumi na moja yalishushwa kutoka kwenye pikapu siku ya Jumatano, na mimi ndiye niliyesaini kuyapokea. Nilikuwa katibu wa kamati ya chumba cha kusomea cha kijiji chetu, kijiji kilicho kando ya barabara ukishaipita Nyaishozi. Sikupewa ukatibu kwa sababu ya elimu. Niliupata kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu ipo kwenye baraza ya duka la vipuri vya pikipiki, na mwenye duka ni Mwislamu ambaye babu yake alitoka Tanga akaja huku kufanya biashara, akaoa, akazeekea huku. Siku hiyo niliacha gauni la mteja likining'inia na mkono mmoja, nikaenda kupokea vitabu.

Chumba chenyewe tulikijenga wenyewe. Matofali ya kuchoma yalibebwa vichwani na wanawake, mchanga ukachotwa bondeni, mabati yakatoka kwa mtu huyu na mtu yule. Tuliandika barua kwa watu wanaogawa vitabu, tukaandika tena, na mwaka wa pili wakajibu. Nilivuta utepe wa boksi la kwanza tukihakiki, harufu ya karatasi mpya ikatoka pale kama harufu ya mkate. Kulikuwa na vitabu vya watoto vyenye picha za rangi, riwaya, mashairi, kitabu cha kufuga nyuki, cha magonjwa ya kahawa na migomba, cha kutengeneza pikipiki, cha nyota na sayari. Kulikuwa na vitabu vyenye herufi kubwa kwa ajili ya wenye macho yaliyochoka. Nilishika kimoja cha herufi kubwa, nikamfikiria mama mkwe wangu.

Mwenyekiti wetu akanitoa kitabu mkononi, taratibu, akakirudisha ndani.

Alikuwa afisa mstaafu, mzaliwa wa Muleba, aliyeletwa kwetu kikazi miaka mingi iliyopita akabaki. Mtu nadhifu. Hata siku ya kuchota mchanga alikuja na viatu vilivyong'arishwa, lakini alichota pamoja nasi mpaka jua likatua. Ninalisema hili mapema kwa sababu sitaki mtu adhani alikuwa mbaya. Nyumbani kwake ana kabati la kioo lenye vitabu, na kila Jumamosi analifuta vumbi yeye mwenyewe. Sijawahi kuona kioo kile kimefunguliwa.

"Vitabu hivi ni vipya," akaiambia kamati. "Tukivigawa leo, mgeni rasmi akija kuvizindua atakuta matambara. Tusubiri uzinduzi."

Wajumbe wakaitikia. Na mimi nikaandika kwenye muhtasari: tusubiri uzinduzi. Mkono wangu ndio ulioandika. Mlango ukafungwa kwa kufuli lenye funguo mbili, mmoja akabaki nao yeye, mwingine nikapewa mimi mbele ya mkutano wa kijiji.

Tukasubiri. Mgeni alikuwa na safari, kisha alikuwa na vikao, kisha akahamishwa, na wa kumrithi alikuwa bado anapokea ofisi. Masika yakaingia. Watu wakawa wanapita kwenye cherehani yangu na kuuliza. Mkulima mmoja ambaye migomba yake ilikuwa inanyauka aliuliza mara tatu, na mara ya tatu hakuuliza tena kuhusu kitabu, aliuliza kama najua mtu anayenunua shamba. Mwenye duka alikuwa akitoka nje na glasi ya chai, anasimama karibu na cherehani, anasema, "Kile cha pikipiki bado kipo ndani?" Namwambia kipo. "Basi kizima," anasema, na kurudi ndani.

Mama mkwe wangu hakuuliza kuhusu mgeni. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya jioni ya kisomo, na tangu siku hizo alichokuwa nacho ni kitabu cha nyimbo cha kanisani, cha Kihaya, alichokijua kwa moyo kiasi kwamba hakikuwa tena cha kusoma. Nilikosea kumwambia kuhusu herufi kubwa. Kila nikirudi nyumbani ananitazama mikono kwanza.

"Leo tena umerudi mtupu, mwanangu."

"Mgeni hajafika, mama."

"Mimi nimefika," alisema siku moja, akaendelea kumenya ndizi.

Kuna jambo langu ambalo lazima niliseme hapa, maana bila hilo nitaonekana mkaidi tu. Nilikuwa kidato cha pili nilipobainika kuwa na mimba. Siku hiyohiyo niliitwa ofisini, nikaambiwa nirudishe vitabu vya shule. Nilikuwa navyo vinne ndani ya begi. Mwalimu alivihesabu, akaviweka mezani, akaniambia niende. Kimoja kilikuwa kitabu cha hadithi, na nilikuwa nimebakiza sura moja. Nikaomba niimalizie palepale nje, chini ya dirisha, kisha nikirudishe. Akasema vitabu ni vya wanafunzi. Nilitembea kwenda nyumbani na begi jepesi, na mpaka leo naukumbuka wepesi ule mgongoni. Mtoto niliyekuwa nimembeba sasa ni mtu mzima na ana watoto. Ile sura sikuwahi kuisoma.

Kwa hiyo mwisho wa masika, baada ya usiku wa mvua ya mawe, nilipoamka na kusikia watu wakisema bati la chumba cha kusomea limeng'oka upande mmoja, sikwenda kwa mwenyekiti kwanza. Nilikwenda na ufunguo wangu.

Maji yalikuwa yametambaa sakafuni. Maboksi tisa yalikuwa yamelowa chini tu, lakini mawili yaliyokaa ukutani yalikuwa yamevimba kama maiti iliyotolewa mtoni. Nilipoinua la kwanza, sehemu ya chini ikabaki sakafuni na vitabu vikanimwagikia miguuni. Vilikuwa vya watoto. Rangi za picha zilikuwa zimeanza kuhamia ukurasa wa pili. Na harufu ya mkate ilikuwa imekwisha, pale palinuka kuvu.

Sikulia. Nilikuwa na hasira mno, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu ya muhtasari niliouandika kwa mkono wangu.

Nilirudi dukani kuomba toroli. Mwenye duka akasikiliza mpaka mwisho, akatazama barabarani, akasema, "Dada yangu, mimi sijasikia kitu. Lakini toroli iko pale nyuma na gurudumu nimelijaza upepo jana." Nilipokuwa nasukuma mzigo wa kwanza nikahisi toroli imekuwa nyepesi. Alikuwa ameshika upande mwingine.

Nyumbani kwetu kulikuwa na vichanja viwili vya kuanikia kahawa, na mavuno ndiyo yalikuwa yanaanza. Mama mkwe alipotuona na ule mzigo hakuuliza. Alisogeza kahawa yake yote kwenye kichanja kimoja, akakifagia cha pili kwa mkono, akaanza kupanga vitabu, kimoja kimoja, vimefunguliwa katikati, kama anavyopanga punje mbovu na nzima. Jua likatoka saa nne. Kila baada ya muda tulikuwa tunazunguka na kufunua kurasa zisigandane.

Nyumba yetu iko kando ya njia inayoshuka kisimani. Wa kwanza kusimama alikuwa mwanamke mwenye ndoo kichwani. Akauliza hii ni nini, tukamwambia. Akatua ndoo, akainamia kitabu cha picha kilichofunguka kwenye ukurasa wa fisi na ngoma, akasoma ukurasa ule, akanitazama.

"Naweza kufunua?"

"Funua, lakini polepole, ukurasa umelowa."

Alifunua. Akaja mwingine. Kufikia saa nane kulikuwa na watu wameinama kuzunguka kichanja, watu wazima, watoto waliotoka shule, na mkulima wa migomba ambaye nilikuwa nimekwenda mwenyewe kumwita, nikampa kitabu chake kikiwa kikavu kabisa kwa sababu kilikuwa juu kabisa ndani ya boksi lake. Alikaa kwenye jiwe akasoma midomo ikitikisika. Mama mkwe alikuwa amejitengea chake. Alikaa kwenye mkeka, kitabu cha herufi kubwa mapajani, kidole kinatembea chini ya mstari, na mtu akimsemesha ananyanyua mkono wa kushoto bila kuinua kichwa.

Nilikuwa nimepanga kuvikausha na kuvirudisha. Nakiri hivyo. Lakini nilipowaangalia nikajua sitavirudisha tena nyuma ya kufuli.

Mwenyekiti alifika alasiri. Alisimama mlangoni mwa ua na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivi ni nini, mama?"

"Ni vitabu, mzee. Bati liling'oka. Vililowa."

"Naona. Kwa nini sikuitwa?"

"Ungesema tusubiri."

Watu walikuwa wameacha kusoma. Akasogea mpaka kwenye kichanja, akanyanyua kimoja cha watoto kwa vidole viwili, akaona rangi zilivyochanganyika. Nadhani kilimuuma kweli. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mfugo wake umekufa.

"Kesho asubuhi vyote virudi chumbani," akasema. "Na ufunguo uniletee mimi. Kisha utaandika barua ya kuomba radhi kwa kamati."

"Vitabu vitarudi bati likipigiliwa, mzee, na mlango ukiwa wazi. Ufunguo nilipewa na mkutano wa kijiji, mkutano ndio utakaouchukua. Barua nitaandika ya maelezo. Ya kuomba radhi siiandiki."

Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na sijui kwa nini watu wanadhani mtu akitetemeka amekwisha kushindwa. Mwenyekiti akakirudisha kile kitabu kwenye kichanja. "Umekuwa mkubwa," akasema, akaondoka.

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Mjumbe mmoja wa kamati, rafiki yangu wa kanisani, alikuja kunishauri nijishushe, kwamba kujishusha si kufa. Mume wangu, ambaye huuza ndizi kwa wanunuzi wa Nkwenda na huwa nyumbani siku chache, alirudi, akasikiliza pande zote, akapanda juu ya paa la chumba cha kusomea na nyundo na misumari, akalipigilia bati. Alipoteremka akaniambia, "Sasa vitabu havilowi. Hayo mengine ni yako." Mimi nikavirudisha vitabu, nikafungua mlango Jumanne, nikakaa na daftari. Nikafungua Jumamosi. Kila aliyeazima aliandika jina, na asiyeweza kuandika niliandika mimi naye akaweka dole gumba kwa wino wa muhuri wa mwenye duka.

Baada ya kama mwezi mmoja mkutano wa kijiji uliitishwa uwanjani. Mtendaji alisoma ajenda, na mimi nilikuwa ajenda ya tatu, baada ya maji na mifugo inayozurura. Mwenyekiti alizungumza vizuri, bila kunitukana. Alisema kijiji kisichoheshimu utaratibu hakitapewa kitu mara ya pili. Watu wengi waliitikia kwa vichwa, na hata mimi niliona ana hoja.

Nilipopewa nafasi nilinyanyua kitabu kimoja kilichovimba, kimekuwa kinene mara tatu ya kilivyokuja. Nikasema, "Hiki hakijasomwa na mtu hata mmoja. Kimeharibika kikiwa kimetunzwa." Nikakaa.

Ndipo akasimama mfanyabiashara mmoja, mzee wa kanisa, baba wa mabinti. Alisema yeye hana shida na utaratibu, shida yake ni kitabu ambacho binti yake wa darasa la saba alikuja nacho nyumbani, kinachoeleza msichana anavyokua, hedhi, mimba na mambo ambayo hawezi kuyataja mbele ya wakubwa. Anataka kitolewe. Uwanja ukanung'unika, na safari hii ulikuwa upande wake.

Nilisimama tena bila kuruhusiwa.

"Kitabu hicho hakitoki, waitu," nikasema, kwa lile neno letu la heshima, maana ni mtu ninayemheshimu. "Binti yako asipoyasoma hayo ataambiwa na mtu. Na huyo mtu hataandika jina lake kwenye jalada. Mimi niliambiwa na mtu nikiwa kidato cha pili. Wengi hapa mnajua yaliyofuata."

Walijua. Baba yangu alikuwa mtu wa kijiji hikihiki. Sikuwahi kulisema mbele ya watu kwa miaka yote ile, na wao hawakuwahi kulisema mbele yangu. Yule baba alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa, hakusema amekubali wala amekataa.

Mkutano ulitolewa hapo na mambo ya nyuki. Mwanamume mmoja alisimama nyuma akasema kwa kuwa tunazungumza vitabu, yeye anataka kujua kwa nini jirani yake amekaa na kitabu cha nyuki wiki tatu wakati mizinga yake haina hata nyuki mmoja. Jirani akajibu kwamba anakisoma kwanza ndipo aweke nyuki, tofauti na wengine walioweka nyuki wakakimbiwa. Watu wakacheka, wengine wakadakia, mmoja akasema riwaya moja imerudi bila kurasa za mwisho na aliyezichana ajitaje, na kwa muda mrefu mtendaji hakuweza kuurudisha mkutano kwenye ajenda. Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa ameshikilia fimbo yake kwa mikono miwili, akiwasikiliza watu wakigombania vitabu vyake.

Hatimaye mtendaji aliuliza: wanaotaka chumba kifungwe mpaka mgeni aje, wanyooshe mikono. Mikono ilikuwepo, ya kuhesabika. Akauliza wanaotaka kibaki wazi. Sikuhitaji kuhesabu.

Lakini waliniondoa ukatibu. Wajumbe wa kamati walisema, na mkutano ukaridhia, kwamba nilimjibu mkubwa vibaya mbele ya watu na nilitoa mali ya kijiji bila kibali. Ni kweli nilifanya vyote viwili. Katibu mpya ni kijana mwenye diploma, mwandiko wake hausomeki. Ufunguo hawakuuomba, na mimi sikuwakumbusha, nikaendelea kufungua Jumanne na Jumamosi.

Yapata miaka minne sasa. Mgeni rasmi hajafika. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Tukikutana njiani namwamkia, ananiitikia, kila mtu anaendelea na safari yake, na kwenye chumba kile hajakanyaga tangu siku ya mkutano. Mke wake huja. Anachukua riwaya mbili kwa mpigo, anazifunga kwenye kanga, na tunazungumza habari za kahawa. Yule baba wa mabinti hakukirudisha kitabu alicholalamikia. Nilipotuma ujumbe kuuliza, jibu likaja kwamba mdogo mtu hajamaliza.

Mama mkwe alimaliza vitabu vyote vya herufi kubwa katika mwaka mmoja na hakusita kuvikosoa. Kimoja alinirudishia akisema aliyekiandika hajawahi kuchemsha ndizi, maana ameziweka jikoni na mtu akala kabla maji hayajachemka. Sasa jicho moja limekwisha na la pili linaona mwanga tu, kwa hiyo namsomea mimi, alasiri, cherehani ikiwa imefunikwa. Hanisubiri nimalize ukurasa ndipo abishane.

Wapo wanaoniambia, wengine kwa nia njema, kwamba watu wa huku hawasomi, kwamba Kiswahili chenyewe tumejifunzia shule, kwamba mtu akitoka shambani anataka kulala. Aliyeniambia hivyo mara ya mwisho ni mnunuzi wa kahawa kule Nkwenda, nilipokuwa nimekwenda na magunia mawili ya vitabu kwa pikipiki kwa sababu wanawake wa kikundi kimoja kule walituma salamu wakiviomba. "Hapa tunanunua mazao, mama," alisema, "hadithi hazina kilo." Nilitandika turubai karibu na mzani wake, nikapanga vya watoto mbele, vya kilimo katikati, riwaya nyuma ambako mtu anaweza kusimama bila kuonekana anachagua nini. Nilirudi na gunia moja, tena halijajaa.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke kutoka Rugera, ametembea, miguu imejaa udongo mwekundu, anarudisha kile kitabu cha magonjwa ya kahawa na migomba. Akakiweka mezani akakifungua mahali alipokunja.

"Hapa wamekosea," akasema. "Wamesema nafasi kati ya mgomba na mgomba iwe hivi. Labda huko kwao. Kwenye mteremko kama wangu mvua moja tu inaondoa udongo wote. Nimejaribu misimu miwili."

Nikatazama. Pembeni ya ukurasa alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, kwa mkono wa kukandamiza, hatua ngapi zinafaa na kwa nini, na chini yake ameweka jina la mlima wake.

"Najua haturuhusiwi kuandika kwenye vitabu," akasema. "Lakini nisingeweza kunyamaza, wengine watapoteza shamba."

Nilimuuliza kama amemaliza, au kuna mahali pengine anapotaka kukosoa. Akafikiri kidogo, akavuta kiti, akaomba kalamu.